Rispa wa Yordani na Tangi Yake

Rispa alirudi Lodwar na sanduku moja, mafua, na tangi. Wengine wakirudi kutoka Uarabuni wananunua ploti, wengine pikipiki, wengine wananunua bwana. Rispa alinunua tangi nyeusi ya lita elfu tano, akaileta huku mtaani Nakwamekwi juu ya mkokoteni, yeye mwenyewe akitembea mbele kama anasindikiza bibi harusi.

Mimi niko hapo barabarani na mashini yangu ya kuchomelea. Akasimama mbele ya kibanda.

"Ejok, Fundi Wandera."

"Ejok noi. Na huyu mweusi mnene ndiye bwana?"

"Nijengee mnara. Hii inakaa juu, kupita mabati ya nyumba."

"Juu namna hiyo? Unataka kusalimia malaika?"

"Nataka maji inishukie, Fundi. Mimi nimeibeba tangu zamani, sasa nayo ishuke yenyewe."

Nikacheka mpaka nikaweka miwani chini. Wakati huo maji ilikuwa inatoka kwa mfereji kila asubuhi bila shida. Nani anajengea maji nyumba na maji inakuja yenyewe mpaka mlangoni? Lakini mteja ni mteja. Nikamjengea mnara wa vyuma mrefu, na ngazi kando, na tangi ikakaa huko juu kama jogoo. Ikawa ukielekeza mtu Nakwamekwi unamwambia, "Ukiona ile tangi isiyo na maji, pinda kushoto."

Sasa mjue huyu Rispa ni nani. Amezaliwa upande wa Lorugum, binti ya mzee Emanikor. Kichwa chake kilianza kubeba maji kabla hajaota meno ya pili. Shule aliacha darasa la saba, kwa sababu kiangazi kilikuja, na msichana akienda shule nani atashuka kisimani? Baadaye akaingia Lodwar, akakaanga mandazi, mpaka siku moja akasikia kuna kazi ya nyumba Yordani.

Wamama wa kanisa walisikia hilo jina wakapiga vigelegele. Yordani! Ile ya Biblia! Wakamwombea, wakampa kachupa kadogo, wakamwambia, "Mama, tuletee maji ya ule mto alibatizwa Bwana." Alipomaliza miaka mitatu akarudi na kachupa. Mama mmoja akaangalia ndani, akatikisa, akaangalia tena. Tope.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo hiyo. Na mshukuru, ilikuwa imebaki kidogo."

Jioni akiwa anakaanga mandazi alikuwa anatuhadithia hiyo nchi, sisi tunakula na kubishana. Alisema ule mto kila jirani amekinga upande wake, hawa na bwawa, wale na paipu, na inayofika chini ni ya kulowesha kidole cha mguu. Alisema majirani wako na mafuta chini ya mchanga, lakini watu wa Yordani wakichimba wanakutana na mchanga mwingine.

"Afadhali sisi," akasema Apua, jirani yake wa mlango wa pili, mwanamke wa mdomo mwepesi. "Sisi mafuta tuko nayo hapo Lokichar."

"Iko kwa taa yako?" Rispa akamuuliza.

Apua akachukua andazi lingine.

"Na vita ikilipuka kwa jirani," Rispa akaendelea, "watu wanakimbilia kwao. Kuna kambi huko jangwani, nyumba za mabati zimepangwa mpaka macho inachoka."

"Hiyo ni Kakuma," nikasema.

"Ni Kakuma tu, Fundi, lakini mkate yao ni bapa. Halafu serikali inasema haina pesa, inapandisha kodi, inapandisha mafuta. Vijana wamesoma, wako na digrii, wanaendesha teksi. Wanajaa barabarani usiku wakipiga kelele. Waziri mkuu anaondoka, analetwa mwingine na suti kama ile ile."

"Ngoja kwanza," nikamkatiza. "Hiyo serikali ni ya huko ama ni ya hapa?"

Watu wakacheka, lakini Rispa akainua kijiko chake cha kuchotea mandazi. Alikuwa anafika pale anapopenda.

"Sasa sikizeni maji. Inakuja siku moja kwa wiki! Siku hiyo ni Krismasi. Bosi wangu, Um Laith, yaani Mama Laith, alikuwa anatuamsha kama nyumba inaungua. Osha nguo, osha watoto, osha zulia! Maji ya kuosha mchele inaenda kwa mti wa ndimu, ya kusuuza nguo inaenda kwa sakafu. Na juu ya kila nyumba kuna tangi. Nilikuwa naanika nguo huko juu naangalia, mji mzima ni tangi, kama mbuzi wamepanda mlima. Nikajiuliza, na sisi Lodwar tumeweka nini juu ya nyumba zetu?"

"Mawe," akasema Apua. "Ya kushika mabati."

"Ndiyo, mawe! Siku mgao ikifika kwetu, mtakunywa mawe?"

Tukamcheka tena. Halafu pampu ya huko mtoni ikaungua.

Gari ya spika ilipita asubuhi ikitangaza. Upande wetu utapata maji Jumamosi peke yake, kuanzia kukicha mpaka jua la utosi, mpaka pampu nyingine ije. Mjini watu walishika kichwa. Rispa alitoka nje na mwiko mkononi, anacheka, anarukaruka.

"Karibuni Yordani! Karibuni!"

Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba, na huo mwiba ni kaka yake, Losike. Losike ni mtu wa mifugo, mrefu, maneno yake kidogo, na kidogo hicho chote kinauma. Alikuja kutoka Lorugum akasimama chini ya mnara akaangalia juu.

"Dada yangu, hii ingekuwa mbuzi saa hii wangekuwa wamezaa. Tangi imezaa nini?"

"Ngoja Jumamosi."

"Nimekupatia mtu wa kuinunua. Anyang, ule Msudani Kusini mwenye hoteli Kakuma. Yuko tayari na lori."

Rispa akavimba. Miaka mitatu ya kupiga magoti kwa sakafu ya watu iko hapo juu, na mtu anataka kuifunga kamba apeleke Kakuma!

"Mwambie Anyang aje Jumamosi," akasema, na sote tulimsikia. "Tangi ikijaa, usinitajie mbuzi tena maisha yako yote. Isipojaa abebe, na mimi nifuate mkia ya mbuzi mpaka nizeeke."

Mimi na mdomo wangu nikaingilia. "Ikijaa, Rispa, mimi nitakuita Injinia mbele ya watu mpaka nife."

"Fundi, umesikika."

Usiku wa kuamkia Jumamosi hakuna mtu alilala. Giza lilikuwa bado, na ploti nzima iko nje na mitungi, ndoo, karai, sufuria, mpaka beseni ya kuogeshea mtoto. Mfereji ukakohoa. Ukatema hewa, ukatema kutu, halafu maji ikaja! Wamama wakapiga kelele mbwa wakakimbia. Rispa akakimbilia paipu ya mnara, akafungua koki, akaweka sikio lake kwa chuma.

Tukangoja. Watu wote shingo juu.

Hakuna kitu.

Nikagonga paipu na spana, ngo, ngo, nikipanda nayo. Maji ilikuwa imefika kifua cha Losike, aliyekuja kushuhudia, hapo ikasimama. Ni kama iliangalia ule mnara wangu ikasema, mimi huko siendi.

Na kama shetani ameipangia saa, lori ya Anyang ikaingia. Akashuka, mtu mrefu kupita hata Losike, mpole, kamba begani.

"Salaam. Ndiyo hii?"

Rispa akampungia mkono angoje. Alikuwa ameshika simu, anapigia Yordani. Um Laith akatokea kwa kioo, nywele bado haijachanwa. Rispa akamlalamikia kwa Kiarabu, akageuza simu aone mnara, aone paipu, aone mimi. Anyang, kwa sababu anajua Kiarabu cha Juba, akawa anatutafsiria.

"Mama anauliza, motor iko wapi?"

"Motor gani?" Rispa akasema.

"Anasema ile ya chini. Kwa stoo. Maji inaingia kwa tangi ya chini, motor inasukuma juu. Anauliza, kwani ulifikiri inapanda na miguu?"

Huko Yordani mzee mwenye nyumba ndiye alikuwa anaweka ufunguo wa stoo. Rispa alijua paa, alijua jikoni, alijua kila kigae cha sakafu. Stoo hakuwahi kuingia. Akakaa chini kwa mchanga.

"Nilikuwa nasikia kitu inanguruma," akasema pole pole. "Nikafikiri ni friji ya jirani."

Wengine walicheka. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka nikafikiria. Motor ya kununua iko wapi Jumamosi alfajiri, na stima yenyewe ilipotea tangu jana? Anyang akaanza kukunjua kamba yake, anasema, "Pole, mama, pole sana." Losike aliangalia pembeni, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Rispa akasimama. Akachukua beseni, akajaza kwa mfereji wa chini, akaweka kichwani, akapanda ngazi yangu. Akamwaga. Tukasikia huko ndani, pwaa, kama mtu ametema mate kanisani. Akashuka, akajaza, akapanda tena.

"Utajaza hiyo na beseni?" Losike akamwita.

"Kaa na mbuzi zako!"

Safari ya tatu Apua akapanda katikati ya ngazi akampokea. Jirani mwingine akasimama chini ya Apua. Hakuna mtu alisema tufanye hivi. Lakini mitungi yetu yote ilikuwa imejaa, sufuria zimejaa, na mfereji bado unamwaga kwa mchanga. Mturkana akiona maji inapotea kwa mchanga anaumwa na meno.

Wanaojua visima vya laga, yaani mto wa msimu, wataelewa. Mto ukikauka watu wanachimba shimo, mmoja anasimama chini kabisa, mwingine juu yake, mwingine juu ya huyo, na karai inapanda mkono kwa mkono mpaka kwa ng'ombe. Sasa hapa ilikuwa kisima hicho hicho, lakini kimetoka nje kikasimama. Mimi nilipanda juu kabisa kumwaga. Ngazi ni yangu, nilitaka niwe karibu ikivunjika.

Losike alivumilia kidogo tu.

"Apua! Unashika karai kama mtu wa Nairobi! Nusu inamwagika!"

"Njoo ushike wewe, mrefu wa bure!"

"Toka hapo!"

Akapanda. Na mjue Losike kisimani ni mfalme, jina lake linajulikana mpaka Namoruputh. Karai zikaanza kuruka. Kidogo akaanza kuimba, ule wimbo wa kisimani wa kumsifu fahali wake, na wamama wakamjibu, na kila wakijibu karai inapanda. Anyang akauliza, "Na mimi?" Apua akamwambia, "Wewe shika, usiulize!" Akashika, kamba bado iko shingoni. Watu wa ploti za jirani walisikia wimbo wakaja na maji ya mifereji yao. Simu iliegemezwa kwa jiwe, Um Laith anapiga makofi, anauliza harusi ni ya nani.

Jua likapanda. Sauti ya tangi ikabadilika kutoka ngoma ikawa nzito. Nikachungulia.

"Imebaki mkono mmoja!"

"Haraka! Haraka!"

"Imebaki kiganja!"

Hapo mfereji ukakohoa. Ukatema hewa. Ukanyamaza. Wimbo nao ukanyamaza.

Losike akaniangalia kutoka katikati ya ngazi. "Fundi, imejaa?"

Ningeweza kudanganya, lakini Rispa alinikazia macho. "Sema ukweli."

"Bado kiganja."

Anyang akashika kamba yake, haya imemjaa. Halafu Apua akaingia kwa nyumba yake akatoka na mtungi, ule wa wiki nzima.

"Apua, hiyo ni ya watoto wako," Rispa akasema.

"Kwani nikiimwaga huko juu itasahau njia ya kurudi? Chukua!"

Mtungi ukapanda. Mwingine ukapanda. Yule mama wa kanisa naye akaja mbio na kale kachupa ka Yordani, na ploti yote ikapiga kelele, "Hapana! Hiyo hapana!" Akarudi nako amenuna. Nikamwaga mtungi wa Losike mwenyewe, ule wa safari, na ile paipu ya pembeni ya kutoa maji ikizidi ikafungua mdomo wake, ikamtemea Losike katikati ya kichwa.

Kelele iliyotoka hapo, nasikia mpaka sokoni watu walitoka nje. Wamama waliruka, Anyang aliruka, Rispa alikuwa anacheka na kulia pamoja. Losike alisimama tu, maji inamtiririka puani, halafu akanyoosha ulimi akaionja.

Rispa akafungua mfereji ulio chini ya mnara. Maji ikashuka yenyewe. Wa kwanza kukimbia na mtungi alikuwa nani? Losike.

"Kaka," Rispa akamwambia, "panga laini."

Anyang hakurudi na lori tupu. Alinipakia mimi na vyuma vyangu, maana sasa alitaka mnara wake. "Lakini uwe mfupi," akasema, "na motor ninunue kwanza." Rispa alikaa mbele na dereva, kwa sababu ndiye msimamizi. Mimi nilikaa nyuma na vumbi mpaka Kakuma.

Tulipofika hoteli ilikuwa imejaa, Wasomali, Wakongomani, Wasudani, kila mtu na kikombe chake. Anyang akaniuliza kwa nguvu, na najua walipanga na Rispa njiani, "Fundi, hebu tuambie, huyu mama ni nani?"

Nikasafisha koo. "Huyu ni Injinia."

Rispa akavuta kiti, akakaa, akapanga lesso yake bila haraka.

"Ongeza sauti, Fundi. Wale wa nyuma hawajasikia."