Kinanda Bila Mwimbaji

Leo nimefungua sanduku la kaseti za zamani, na harufu ile ya plastiki iliyopigwa jua imenirudisha nyumbani Ilembo, mwaka tulipomzika mdogo wangu mchanga. Tangu msiba uishe mama alikuwa hasemi wala halii. Alikaa mkekani akiangalia ukuta, uji ukipoa mbele yake.

Baba alifanya kazi stesheni. Jioni moja alirudi na kaseti aliyopewa na abiria, akatia kwenye redio betri alizokuwa ameanika juani zipate nguvu, akaweka kaseti, akawasha. Kikatoka kinanda peke yake, taratibu, kikisita, kikiendelea.

"Mwimbaji yuko wapi?" bibi aliuliza.

"Hayupo, mama. Ni jazi ya ng'ambo. Nyingine ni nyimbo za zamani, nyingine mpigaji katunga mwenyewe."

"Sasa wimbo bila maneno utatusaidia nini, nyie?"

Baba akanyoosha mkono azime.

"Acha," mama alisema.

Sote tuligeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kifuani. Bibi akasogea mkekani, akamkumbatia, wakalia pamoja. Upande wa kwanza ulipokwisha, baba aligeuza kaseti bila kuulizwa.