Togwa Iliyoonjwa

Wifi yangu hakuwa na tabia ya kuonja, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Kwetu Ufipa, anayekukaribisha kinywaji hupiga funda la kwanza mwenyewe, uone hakuna sumu ndani, ndipo akukabidhi. Yeye, mke wa kaka yangu, mtu wa Kipili, kule ziwani, alikoroga uji wa ulezi na kumpelekea mama moja kwa moja. Na kila jioni nikirudi kazini namkuta mama anakohoa.

Kiharusi kilikuwa kimemharibia mama kumeza. Nimonia ilishamlaza mara moja, na nesi alituonya kwamba ikirudi huenda asipone, maana chakula kinapita njia ya hewa na kushuka mapafuni. Akae wima, ainamishe kidevu, uji uwe mzito, kijiko kidogo, ameze ndipo aongezwe. Vinywaji vyepesi, hapana.

Wifi aliitikia yote. Mimi sikumwamini hata kidogo. Nilinusa sufuria zake, nikakagua vijiko, nikajibanza nyuma ya pazia kama mgambo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mbele yangu mama alikula vizuri bila kukohoa, nami nikazidi kushuku: kumbe wifi ana adabu nikiwepo tu.

Siku moja nikafunga genge langu la mboga sokoni Mazwi mchana, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Izia. Wifi nikamkuta uani anafua. Kikohozi kilitoka ndani.

Kando ya kitanda alikaa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye huja kumjulia hali. Mkononi ana kikombe cha togwa, nyepesi kama maji. Akapiga funda, akajifuta midomo, kisha akamwinua mama kichwa na kummiminia. Mama akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na sauti yake ikabaki ya majimaji.

"Shikamoo, mama mkubwa. Naomba hicho kikombe."

"Marahaba. Mdogo wangu ana kiu, mnamnyima hata togwa? Na nimeonja mwenyewe, umeona."

Nilikuwa nimeona. Nikamkalisha mama wima, nikamwita wifi. Akaingia na povu mikononi, akakitazama kikombe wala asishangae.

"Ulikuwa unajua?"

"Nimemkataza mara nyingi. Ananiambia mimi ni mgeni humu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Wifi," akasema, "wewe unanusa sufuria zangu."