Risasi ya Kisimani

Mpima maji ana mikono ya mtu anayeogesha kichanga. Ncha ya kihisi chake, nyembamba kama njiti ya kiberiti, huisugua taratibu, huisuuza mara tatu, ndipo aitumbukize kwenye kikombe cha maji ya kisima na kukodolea macho kioo cha mashine mpaka namba itulie. Kwa namba hana mchezo. Kwa watu ndipo ulimi unapokuwa mzito: majibu mabaya huyasema harakaharaka, macho kwenye viatu.

"Bibi, maji yako yana risasi," alimwambia mwenye kisima juma lililopita.

"Risasi? Kwani nani kapiga bunduki humo?" Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Na yeye, badala ya kueleza kwamba ni madini, sumu isiyoonekana kwa macho, akacheka naye, akafunga begi, akaenda zake.

Leo amerudi kupima tena. Bibi anampokea kwa bashasha, mjukuu mgongoni, kikombe mkononi.

"Kunywa, baba, usiogope. Wiki nzima nayachuja kwa kitambaa, sijaona risasi hata moja. Huyu mjukuu ndiye anayeyamaliza."

Anakipokea kwa mikono miwili. Maji yanamwagikia viatuni, palepale alipozoea kuficha macho.