Mfuko wa Damu wa Kitanda cha Nne

Shangazi yangu ni muuguzi wa wodi, na kwa wepesi wa mkono wake nyumbani tunamwita Sindano. Haogopi kidonda, haogopi maiti. Alichokuwa akiogopa ni kuuliza maswali kwa Kiingereza.

Hospitali yao ilikuwa imeanza kupokea wafanyakazi wa kigeni kutoka kiwandani, na matroni alishaonya: kabla ya kumwekea mtu damu, muulize jina, alitaje mwenyewe. Damu isiyo yake inaweza kumuua kabla hata daktari hajafika. Na muuguzi atakayekosea, kazi hana.

Basi jioni nikawa mwalimu wake, pale pale mezani, vyombo tumevisukuma kando. "What", "who", "where", "when". Zilimchanganya kweli. Siku moja alimuuliza mzee wa watu, "Who is the pain?" Mzee akamnyooshea kidole daktari. Nilicheka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Nikamwonea huruma, nikampa njia ya mkato.

"Shangazi, wewe soma tu jina lililoandikwa, halafu pandisha sauti mwishoni. Atasema ndiyo."

Ikamfaa. Miezi miwili akawa anapata usingizi.

Juzi alirudi mapema, akaketi kitandani kwangu na viatu vyake vya kazi. Akanisimulia kwamba alitundika mfuko wa damu kitanda cha nne, akasoma jina, akapandisha sauti. Kijana aliyelala pale akaitikia kwa kichwa hata kabla hajamaliza. Shangazi akashika mrija aufungue, mkono ukagoma. Alikumbuka kwamba jana yake alimuuliza kama anaumwa, akaitikia. Akamuuliza kama amepata nafuu, akaitikia vilevile, na tabasamu lilelile la woga.

Akamwinamia, akauliza, "Who is your name?" Alijua amekosea. Kijana alielewa, akataja jina. Halikuwa lile la kwenye mfuko. Mwenye damu alikuwa kitanda cha tano, usingizini. Asubuhi hao wawili walibadilishana vitanda, mmoja awe karibu na dirisha, na hakuna aliyeandika.

Alikwenda mwenyewe kwa matroni akaeleza yote, hata ile njia ya mkato. Mimi hakunitaja. Ameambiwa akae nyumbani mpaka aitwe.

"Lakini hukuufungua, shangazi," nikamwambia. "Yuko hai."

"Huyo, ndiyo." Alikuwa anatazama mikono yake. "Na wale wengine, mwanangu? Wote niliowasomea jina wakaitikia tu?"

Matroni ameanza kupitia mafaili ya miezi miwili, moja moja. Simu ya shangazi iko mezani, na kila ikilia tunatazamana kwanza, kila mmoja akingoja mwenzake aipokee.