Banda la Kungojea Mashua

Aruna alikuwa mtu wa kinyaa, na Rumonge nzima, pale kando ya ziwa, ilimjua hivyo. Kikombe alichonywea mwenzake hakukigusa. Akialikwa kula, alitazama kwanza kucha za mwenyeji, na mara nyingi alishukuru akaaga. Mchuuzi wa mikeke aliyejikuna kichwa kisha akashika samaki hao hakupata tena senti ya Aruna maisha yake yote. Hizo zilikuwa zamani za Wadachi, kabla ya vita vyao na Wabelgiji, na kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za mashua kwa pamba na mawese. Alitoka Manyema akiwa kijana, na mzigo wa tajiri kichwani, akaufikisha ufukweni akaapa kwamba hatabeba kitu tena.

Lakini hakuna kilichomtia kinyaa kama pale watu walipongojea mashua. Msafiri wa kwenda Muhuta au Usumbura alishuka ufukweni alfajiri, akakaa mchangani. Mashua inaondoka saa ngapi? Nahodha ndiye ajuaye, na nahodha mwenyewe, Mbaraka, alikuwa amelala chini ya tanga lake, mkavu, anakoroma. Akiamka alingoja watu wajae. Wakijaa alikumbuka kwamba hajanywa uji. Masika mvua ilishuka milimani usiku kucha, na kulipokucha upepo wa ziwani uliwakuta watu na nguo moja iliyolowa mwilini, meno yanagongana, akina mama wamewakumbatia watoto tumboni kama vile wanataka kuwarudisha ndani. Hapakuwa na paa, wala jiwe kavu la kukalia. Mtu akilalamika, Mbaraka alicheka.

"Muko chumvi? Mutayeyuka?"

Sharifa, mke wa Aruna, hakuyeyuka. Alitaka kwenda kumwona dada yake Muhuta, akangoja mchangani tangu alfajiri hadi adhuhuri, mvua ikimnyeshea, na siku hiyo Mbaraka hakuondoka kabisa, kwa uvivu tu. Sharifa alirudi nyumbani anakohoa. Kifua kilimbana, hakikumwachia, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele Aruna alikuwa mjane. Mbaraka alikuja matangani, akala wali mara mbili. Aruna alimtazama akitafuna, mafuta yanamtiririka kidevuni, akatoka nje.

Matanga yalipoondolewa alikwenda kwenye kinamasi cha upande wa Gatete, akakata matete, akayabeba mwenyewe kichwani, yeye aliyeapa. Alisimamisha nguzo pale mashua zinapofungwa, akazungusha kuta pande tatu, mgongo wa banda ukielekea ziwani ili upepo upige ukuta usipige watu. Akaezeka kwa majani. Palibaki pa kukalia. Nyumbani kulikuwa na kitanda cha Sharifa, cha mvule, na tangu mazishi Aruna alikuwa akilala mkekani kwa sababu hakuweza kukilalia wala kukigawa. Alikibomoa, akazigongelea mbao zake kwenye vigogo vifupi, likawa benchi. Akalipaka mawese likang'aa. Yale matendegu manne, miguu ya kitanda, hayakumfaa, akayafunga kamba akayaweka kando ya mkeka wake.

"Kaeni," aliwaambia wasafiri waliomkodolea macho. "Na mukae kama watu."

Wakakaa, na hapo ndipo alipowajua. Walitema mate ukutani. Mwenye ndagala mbichi aliweka kapu juu ya benchi, maji ya samaki yakachuruzika hadi chini. Mwenye mbuzi aliingia na mbuzi. Mwingine alikata kucha za miguu akaziacha pale pale, kwenye mbao alizolalia Sharifa. Hayo yote Aruna aliyafagia, kitambaa kimefungwa puani, akiwatukana mmoja mmoja kwa zamu. Lililomshinda lilikuwa la matete. Kila aliyeona baridi alitaka moto, kuni zimelowa, basi alinyoosha mkono nyuma yake akachomoa tete moja la ukutani la kuwashia. Moja tu. Jirani yake naye moja tu. Ukiwauliza, hakuna aliyebomoa ukuta, na ukuta haupo.

"Munakula nyumba inayowafunika!" alifoka Aruna. "Panya iko na akili kuwashinda!"

"Eh, muzee, ni tete moja," walimjibu, na kweli kila mmoja alikuwa na lake moja mkononi.

Alijenga ukuta upya, na safari hii akapiga marufuku. Samaki, mbuzi, mate, vyote nje. Na moto, hata wa kuwashia kiko, nje. Akawa anafika kabla ya wasafiri, anakaa mlangoni na fimbo, pamba yake na chungu cha mawese kando yake, anasokota pamba ya kazi huku akilinda. Banda likawa safi. Likawa tupu pia. Watu walipima paa lisilo na moto na moto usio na paa, wakachagua moto. Walijikunyata nje na magunia kichwani, wamezunguka makapi ya mawese yanayofuka moshi, mvua inawapiga migongo, na ndani yuko Aruna peke yake, mkavu, anatetemeka. Hata hivyo alijiona ameshinda. Heri banda tupu kuliko banda la nguruwe, alisema moyoni.

Mbaraka alipita akachungulia. "Iko musikiti huu? Tuvue viatu?" Hajawahi kuwa na viatu tangu azaliwe.

Ikaja asubuhi moja, masika yanakaribia kwisha, mvua ya upepo iliyozima hata moto wa nje. Wasafiri walijificha chini ya mashua zilizopinduliwa. Akatokea mwanamke mmoja, kijana, anaitwa Riziki, binti wa Muhuta aliyeolewa Rumonge. Arobaini yake ya uzazi ilikuwa haijaisha. Mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi, na wakwe zake, walipoona aliyebaki ni mlaji tu, walimkunjia nguo zake kwenye mkeka wakamwambia arudi kwao.

"Amahoro, muzee," alisalimu mlangoni. "Niingie?"

"Una samaki?"

"Niko na mutoto."

Aliingia akakaa kwenye benchi, akamweleza habari za wakwe zake, maji yakimdondoka juu ya mvule. Aruna aliposikia yote alitema mate nje, yeye aliyekataza mate. Riziki akafungua kaniki. Kichanga kilikuwa kimelowa kama mama yake, midomo imegeuka rangi, vidole vimekunjamana.

"Njia yote alikuwa analia," Riziki alisema. "Sasa amenyamaza. Na kunyonya hataki."

Aruna alikijua kimya kile. Siku yake ya mwisho Sharifa aliacha kukohoa, na yeye, kwa ujinga wake, alifurahi.

Alitoka mvuani akatafuta kuni. Makapi yalikuwa yamegeuka uji, na kila kijiti alichookota kilitoa maji. Alilifunua tanga la Mbaraka.

"Mutoto anakufa na baridi. Una kuni kavu?"

"Kuni iko wapi leo, muzee? Angoje jua," Mbaraka alisema, akajifunika tena.

Neno hilo la kungoja lilimkata maini. Angemzamisha ziwani mtu yule na tanga lake, kama kuzama kwake kungempasha mtoto moto. Akarudi mbio. Pwani nzima, kikavu kilikuwa kile tu kilichokaa chini ya paa lake, na hakikuwa kingi. Alichukua shoka lake la kazi.

"Inuka," alimwambia Riziki.

Riziki alidhani anafukuzwa. "Nimechafua, muzee? Nitapangusa."

"Inuka, mwanangu."

Pigo la kwanza lilidunda, maana mvule ni mgumu. La pili alilipiga kwenye kiungo alichokigongelea mwenyewe, ubao ukafunguka kwa mlio alioutambua, mlio wa kitanda kile kila Sharifa alipogeuka. Hakusimama. Alipasua vibanzi, akarundika pamba iliyolowa mawese, akapiga kiberiti. Kisha akanyoosha mkono nyuma yake, akachomoa tete la ukutani. Halafu la pili. Halafu akaacha kutazama anachomoa mangapi. Moto ulishika, mbao zilizonyweshwa mawese zikawaka kwa ndimi ndefu. Akavua kanzu yake, nyeupe, aliyoifua jana, akamfunga nayo mtoto na kumsogeza motoni.

Walikaa hivyo, Riziki akiisugua miguu ya mtoto na Aruna, kifua wazi, amempakata. Mwishowe mtoto alilia, sauti nyembamba yenye hasira. Riziki naye akaangua kilio.

"Ananikojolea," alisema Aruna kwa kinyaa, na hakumwachia.

Moshi uliwaita waliokuwa chini ya mashua. Wakaingia na makapu, na mbuzi wao, wakasukumana kuuzunguka moto, na Aruna hakuwa na mkono wa kushikia fimbo. Mvua ilipokatika Mbaraka aling'oa nanga, mtoto akaenda Muhuta ndani ya kanzu, ananyonya. "Murakoze cane, muzee," Riziki alimshukuru kwa sauti kutoka mashuani. Aruna alibaki anatazama majivu, akakaa chini akalia, kwa sauti, bila kujali nani anamwona.

Kesho yake alichelewa kufika, kwa mara ya kwanza. Akakuta banda limejaa. Moto unawaka katikati, ukuta wa nyuma umetoboka, kapu la ndagala linachuruzika, na mtu ametema karibu na mlango. Mmoja alipomwona alificha tete mgongoni.

Aruna aliwatazama mmoja mmoja, uso umekunjamana. "Wachafu nyie," alisema. "Wachafu, wote."

Akafungua kamba ya mzigo aliokuja nao kwapani. Yalikuwa yale matendegu manne. Akatia moja motoni, matatu akayaweka pembeni, kwa ajili ya siku zijazo.

"Sogea," alimwambia mwenye ndagala, akakaa. "Kapu lako linanuka."