Kikaratasi Kwenye Hotpoti

Aibu niliyoipata Mkuyuni sijawahi kuisimulia mpaka mwisho, na ninyi nawasimulia kwa sababu hamwezi kunicheka kuliko nilivyokwisha kuchekwa. Nilifika kule kwa njia ndefu. Nilitoka Tabora nikiwa na cheti cha kidato cha nne, nikapita Kahama nikachimba dhahabu ambayo sikuiona, nikauza vitunguu Singida, nikakata miwa Kilombero misimu mitatu, na kila nilipofika nilikuwa napakumbuka nilikotoka (ndio ugonjwa wangu, nikiwa huku nalilia kule). Nilipopanda barabara ya Matombo na kuiona milima ya Waluguru bado imejifunika ukungu saa nne asubuhi, nikasema basi, miaka arobaini na tatu inatosha, hapa ndipo nitakapozeekea.

Nikapanga chumba kwa Mzee Anselmi Kobelo, mpole wa miaka sabini na kitu, ambaye mkewe husoma masomo kanisani kwa sauti inayofika hadi barabarani. Kibarua nikapata kwa mnunuzi wa viungo, msimu wa karafuu nachambua karafuu, msimu wa pilipili kichaa nang'oa vikonyo vya pilipili kichaa. Mchana nakula kwa Rehema, mjane mwenye banda la chakula sokoni. Sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani, kwa hiyo Rehema alinipokea kwa matusi tangu siku ya kwanza. "We mpagazi, leo umebeba mzigo wa nani?" ananiuliza mbele ya wateja, nami namjibu kwamba babu zangu walipita hapa wakamwacha bibi yake kwa kuwa alikuwa mzito kuliko pembe za ndovu, na banda zima linacheka.

Alasiri moja ikanyesha mvua ile ya mlimani isiyopiga hodi, wateja wakakimbia, tukabaki wawili, tukafunga banda tukaenda kujikinga kwake, na mengine ninyi ni watu wazima (kinga ya mvua tulikumbuka, ile nyingine hatukukumbuka). Hatukuahidiana kitu. Ila kesho yake nilikuta kipande cha nyama cha ziada kimefichwa chini ya wali wangu, nikaelewa, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Siku ya tatu nikaanza kuwaka. Nikitoka kujisaidia nawaka, nikikaa nawashwa, natembea kama mtu aliyeazima suruali ya mtoto. Jumapili nikapata nafuu nikamshukuru Mungu, Jumatatu nikarudi kazini, jioni moto uleule. Nikakumbuka zile picha za rangi ambazo mwalimu wa baiolojia alizifunua haraka na kuzifunika haraka zaidi, nikaanza kuugawa urithi wangu kichwani (redio na godoro). Na kibaya zaidi, nikawa nakaa bandani kwa Rehema nikiwakagua wanaume wote wanaokula, mmoja mmoja, nikijiuliza ni yupi.

Zahanati ilikuwa karibu kabisa, lakini mhudumu wake alikuwa mteja wa Rehema, kwa hiyo nikaamua kwenda mjini, kwenye kliniki moja upande wa Kilakala ambako hanijui mtu. Dirishani wakaniuliza jina. Hebu fikirini, nimesafiri umbali wote ule ili nisijulikane, halafu naulizwa jina, ulimi ukatafuta jina lolote la karibu ukatamka, "Anselmi Kobelo."

Daktari, dada mdogo kuliko mimi, aliniuliza yote bila kunikazia macho, nami nikajibu kweli, isipokuwa alipouliza kazi nikasema mfanyabiashara. Akachukua damu na mkojo, akasema majibu mengine yatachelewa siku chache, kisha akanipa kikaratasi cha kumwita mwenza wangu naye apimwe, hata kama hajisikii chochote. Akanisisitizia nizungumze naye kwa upole, ana kwa ana.

Ana kwa ana sikuweza. Rehema alikuwa amenitumia uji kwenye hotpoti aliposikia siko vizuri (ndivyo alivyokuwa), basi nikaiosha, nikatumbukiza kikaratasi ndani, nikampelekea Jumamosi asubuhi, soko limejaa, nikamwambia kuna ujumbe wake humo, nikaenda kujificha nyuma ya mikungu ya ndizi.

Rehema mikono yake ilikuwa na unga wa chapati. Akamwomba mteja wa karibu amsomee, na mteja wa karibu alikuwa Mama Kobelo. Mama Kobelo hajui kusoma kwa sauti ndogo. Akakinyoosha kikaratasi, akasimama wima, akatangaza: "Mwenza wa Ndugu Anselmi Kobelo anaombwa kufika kliniki kwa uchunguzi wa magonjwa ya zinaa." Alikuwa ameshamaliza ndipo alipoyasikia aliyoyasoma. Nusura watu waitikie "Tumshukuru Mungu."

Akamgeukia Rehema, na sauti sasa ilikuwa ndogo. "Rehema. Mume wangu?"

Rehema akaapa kwamba mzee hajawahi hata kunywa chai bandani kwake. Mzee akaitwa kutoka shambani, akaja na jembe begani, akaelezwa. Alichelewa mno kukana. Nadhani ni kwa sababu vijana wa kwenye bao walikuwa wameshaanza kumwamkia shikamoo kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata. Akasema tu, "Watu husema mengi." Mama Kobelo akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akasema yeye anakwenda kwa kaka zake, na safari hii harudi.

Miaka arobaini na kitu ya ndoa ilikuwa inaondoka kwa miguu, nami nimejibanza nyuma ya ndizi. Nikatoka.

"Mama, shikamoo. Karatasi ni yangu. Jina niliazima."

Nikaeleza yote. Mama Kobelo akanisogelea.

"Inawaka saa ngapi?"

"Jioni mama, nikitoka kazini."

"Na Jumapili?"

"Jumapili haiwaki."

"Unanawa mikono ukienda chooni?"

"Nanawa mama, baada ya kutoka."

"Nimekuuliza kabla."

Alianza kucheka yeye, likafuata soko. Msimu wa pilipili ulikuwa umeanza wiki ileile ya mvua, na kumbe pale kila anayegusa pilipili kichaa hujisugua mikono kwa mafuta ya nazi na sabuni kabla hajagusa mwili wake, hilo halifundishwi maana halijawahi kumshinda mtu. Vicheko vikafika hadi barabarani. Mzee Kobelo hakucheka, alichukua jembe akarudi shambani kama mtu aliyeporwa.

Na Rehema hakucheka.

Wiki iliyofuata majibu yangu yakatoka, mzima. Rehema naye alikwenda mjini akapima, akaweka karatasi yake kando ya sahani yangu, mzima. Nikachimbua wali, chini hapakuwa na kitu. Nikasubiri tusi.

"Karibu chakula, kaka," akasema.

Kaka. Wengine wote walinitania mpaka wakachoka, mpagazi wa pilipili, mgonjwa wa mboga, na hayo ningeyabeba. Lakini mtani akikuita kaka kwa adabu, ujue amekufungia mlango na komeo ameliweka. Kila mchana, karibu kaka, asante kaka, kwa wiki mbili.

Nikaona hapa sitazeekea. Siku niliyoondoka Mama Kobelo alinipa kichupa cha mafuta ya nazi, akaniambia, "Kabla, mpagazi. Kabla." Nikapita bandani. Nikamwambia Rehema kwamba nilipaswa kumuuliza yeye kwanza, na kwamba nilimdhania vibaya mbele ya sahani yake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono.

"Nimekusikia," akasema. "Safari njema, kaka."

Tangu siku hiyo dirisha lolote nataja jina langu, kazi naitaja, na mikono nanawa kabla. Ila nikisikia mwanamke anayepakua wali ananiita kaka, kuna mahali panawaka, na kile kichupa hakipafikii.