Vitabu Kwenye Chanja

Kanuni zilikuwa kumi na moja. Niliziandika kwa siku tatu, nikazichapa, nikazibandika ndani ya kifuniko cha boksi la vitabu. Ya sita ilikataza kukunja kona za kurasa. Ya tisa ilieleza cha kufanya endapo mbuzi atakula kitabu, kwa sababu wazo la mbuzi lilikuwa limenijia na likakataa kuondoka.

Nilikuwa najitolea kwenye maktaba ya umma Mbinga mjini, mwaka wa pili tangu nimalize chuo. Mkutubi wetu, mama mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, alikuwa amekubali ombi nililomwandikia kwa barua ya kurasa nne, ingawa meza zetu zilikuwa zinagusana. Niliomba tupeleke vitabu arobaini kwenye kijiji kimoja cha wavuvi karibu na Mbamba Bay, vikae huko mwezi mzima, watu wasome bila kupanda milima kutufuata.

"Sawa," alisema. "Ila kikirudi hata kitabu kimoja kimeharibika, boksi haliendi tena ziwani. Kule kila kitu kimelowa."

Tangu hapo nikawa nawaza maji tu. Mvua. Mtumbwi. Paa linalovuja. Mtu anayesoma huku anaoga. Ndiyo maana kanuni ya nne ilikuwa ndefu kuliko zote: unyevu ni adui wa kitabu, na mtunzaji ahakikishe vitabu vyote ni vikavu kila siku.

Mtunzaji alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokausha usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Nilimsomea kanuni zote ndani ya banda lao, naye akasikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea mahubiri marefu.

"Hiyo ya ukavu," akauliza, "ni kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Hata Jumapili?"

Nikatafakari. Unyevu haupumziki Jumapili. "Hata Jumapili."

Akaguna. "Haya. Kazi ipo."

Mimi ninayeuliza kila kitu, hapo sikuuliza ni kazi gani.

Mwezi ulipoisha nikapanda basi. Kufika Tingi, bado njiani, nilikuwa nimekwisha kupanga habari mbaya kwa utaratibu: wizi, moto, mbuzi. Nikashuka kijijini, nikatembea hadi ufukweni. Chanja za usipa, zile meza za miti za kuanikia, zilikuwa zimejipanga juani, zinameremeta. Kwenye chanja mbili za mwisho niliona rangi rangi, nikadhani ni kanga zimeanikwa. Nikasogea. Kuku akanitazama. Alikuwa kuku wa kwenye jalada la kitabu cha ufugaji.

Vitabu vyote arobaini vilikuwa vimefunuliwa juani, kwa mistari iliyonyooka. Mama mmoja alikuwa anapita akigeuza: usipa, usipa, usipa, kitabu.

"Shikamoo, mama," nilimwambia mwenyekiti.

"Marahaba, mwalimu! Njoo usikie." Akachukua kitabu, akakitikisa. Kikalia kama bati. "Umesikia ukavu huo?"

"Mama, mmevianika?"

"Si ulisema kila siku? Hata Jumapili! Ibada ya kwanza tumeikosa mwezi mzima kwa ajili yako."

"Mwambie na ya mbuzi," akadakia aliyekuwa anageuza. "Mbuzi wa watu tumewafukuza mpaka wametuchukia."

Nilishika kitabu kimoja. Jalada lilikuwa limejikunja kama gamba la mti, na harufu yake haikuhitaji kusogezwa puani. Nikamkumbuka mama yangu kule kijijini Matiri, anavyogeuza kahawa kwenye chanja tangu sijazaliwa. Angepewa kitu akaambiwa kisipate unyevu, angekipeleka hapohapo. Nimekulia chini ya chanja, na bado niliandika kanuni kumi na moja bila kukumbuka kwamba kwetu ukavu unatoka juani.

Nikauliza, kwa woga, kama kuna aliyesoma.

Mwenyekiti akanishangaa. "Utakigeuzaje usikisome, na kiko wazi kinakutazama?"

Kila mmoja alikuwa amesoma ukurasa uliomkuta zamu yake ya kugeuza, kwa sauti, ili wasiojua kusoma wasikie. Kwa hiyo hadithi walikuwa nazo vipande vipande.

"Huyu anasema bibi harusi wa kitabuni alirudi kwao kwanza, ndipo akatoroka," mwenyekiti akalalamika. "Wewe, mtu atarudi kabla hajaondoka?"

"Mimi ndivyo kilivyonifungukia," akajibu yule wa kugeuza. "Usinisingizie. Mlaumu upepo."

Ugomvi huo ulikuwa umewafanya wakae chini wakisome kitabu hicho chote, tangu mwanzo. Kisha kingine.

Kwenye basi la kurudi abiria mmoja akauliza kwa hasira nani hajafunga usipa wake vizuri. Nikatazama dirishani. Nilikuwa natunga hotuba yenye sehemu tatu: kuomba radhi, kueleza, na kujiuzulu kazi ambayo sikuwa nimeajiriwa.

Mkutubi alifungua boksi, akalifunga, akalifungua tena. Wasomaji watatu waliokuwa ukumbini wakainua vichwa. Mmoja ndiyo kwanza alikuwa anaamka. Nikamweleza yote, na mpangilio wa hotuba ukanipotea. Akavaa miwani, akafunua kitabu cha kuku. Usipa mmoja akadondoka mezani.

"Na huyu?"

"Ni alama ya ukurasa, mama. Kanuni ya sita inakataza kukunja kona."

Akaenda kwenye rafu, akarudi na nakala nyingine ya kitabu hichohicho. Ilikuwa safi. Alipoifunua, kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Akaviweka viwili hivyo pamoja mezani.

"Hiki chenye harufu kinasomeka?"

"Kinasomeka, mama."

"Basi hakijaharibika. Kinanuka tu, na kunuka mimi sikukutajia." Akabandua karatasi ya kanuni, akanirudishia. "Andika tatu. Na uwaambie wavigeuzie ndani ya banda."

Kisha akamwokota yule usipa, akamvunja, akasikiliza. "Lakini ukavu wanaujua."

Boksi lilishuka tena ziwani Jumatatu. Kanuni ni tatu. Ya mbuzi imebaki.